Nani Aliyewahesabu Viumbe Wasioonekana Baharini?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosikika redioni)

Msikilizaji mmoja wa Mbagala ameniletea barua ambayo nimeisoma mara mbili. Anasema alisikia katika taarifa ya sayansi kwamba baharini kuna makundi ya planktoni yapatayo 150,000. Anauliza: ni nani aliyewahesabu, na alitumia vidole vya nani? Anaongeza kwamba hata sisi watu wazima wa mtaani kwake, wenye majina na namba za nyumba, kila ikifika sensa wapo wanaorukwa.

Swali ni zuri, na limenifurahisha zaidi kwa sababu sehemu ya jibu lake imezikwa hapa hapa nchini, katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi. Lakini hatutafika Kilwa kabla hatujapita sokoni.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Planktoni ni jina la jumla la viumbe wote wa majini wanaokwenda na mkondo kwa kuwa hawana nguvu ya kushindana nao. Humo mna mimea midogo mno, wanyama wadogo, mayai ya samaki, makinda ya kamba na ya kaa. Wengi huwaoni mpaka uwe na hadubini. Dagaa anawategemea, kibua anamtegemea dagaa, na jodari anamtegemea kibua. Kule Mafia, papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko wote duniani, hufuata chakula hicho hicho. Aidha, karibu nusu ya kazi yote ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua duniani hufanywa na mimea hiyo midogo ya baharini. Kwa hiyo, kujua ziko aina ngapi na kama zinapungua si udadisi wa wasomi tu.

Sasa ile namba. Kati ya mwaka 2009 na 2013, merikebu ya Kifaransa iitwayo Tara ilizunguka bahari za dunia, Bahari ya Hindi ikiwamo, ikichota maji na kuyachuja. Matokeo ya kwanza makubwa yalitangazwa mwaka 2015. Wataalamu walisoma vinasaba vilivyomo katika sampuli 334 kutoka vituo 47, wakakadiria makundi yapatayo 150,000. Angalia maneno hayo, ndugu msikilizaji: makundi ya vinasaba, tena kwa kukadiria. Kabla ya hapo, aina zilizokuwa zimeorodheshwa kwa kutazama maumbo yao zilikuwa 11,200 hivi. Na sampuli 334 kwa bahari zote ni sawa na kuonja vijiko vichache katika sufuria ya shughuli nzima. Mtu mwenye akili zake lazima aulize kama barua hii ilivyouliza.

Tuingie soko la samaki la Feri alfajiri. Chukua ndoo ya dagaa kama ilivyoshushwa, kabla haijachambuliwa. Mwambie kijana atoe samaki 50 bila kuchagua, akutajie aina alizopata. Atakwambia dagaa mchele, na pengine nyingine mbili. Mwambie afikishe 300. Sasa ataleta kamba mdogo, ngisi, kinda la kibua, na kingine ambacho hata wavuvi watabishana jina lake. Akimaliza ndoo nzima, orodha itakuwa imerefuka tena. Je, aina za samaki zimeongezeka ndani ya ndoo? La hasha. Kilichoongezeka ni kazi ya kutazama.

Hapo ndipo hesabu nyingi za viumbe zinapokosewa. Mtaalamu wa kwanza anahesabu viumbe 300 na kupata aina 25. Wa pili, miaka kumi baadaye, anahesabu 1,000 na kupata 38. Gazeti linaandika kwamba bahari imetajirika. Au kinyume chake: wa pili ana fedha kidogo, anahesabu 100 tu, na gazeti linaandika kwamba bahari inakufa. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana katika chumba cha habari, niliwahi kuisoma hewani habari ya namna hiyo bila kuuliza walihesabu wangapi.

Hiyo 300 sikuitoa hewani. Ni idadi iliyozoeleka kwa wanaohesabu viumbe vidogo vya baharini, na inafaa kabisa kwa aina zilizo nyingi. Tazama hesabu yake. Ikiwa kuna aina ambayo ni mmoja katika kila viumbe 100, ukihesabu 300 uwezekano wa kumkosa kabisa ni kama 5 katika 100. Si mbaya. Lakini aina iliyo adimu, yaani mmoja katika 1,000, utaikosa mara 74 katika kila mara 100. Ili upunguze hatari hiyo mpaka ile 5, itakubidi uhesabu 3,000. Kila kimoja chini ya hadubini, kwa jicho, huku umeshika brashi yenye unywele mmoja. Na baharini, kama ilivyo sokoni, aina nyingi ni adimu. Zilizo nyingi ni chache.

Njia ya kwanza ya kuepuka ugomvi ni kupunguza. Mwaka 1968 Mmarekani Howard Sanders, aliyekuwa akichunguza wanyama wa matope ya chini ya bahari, alipendekeza kwamba kama una fungu kubwa na fungu dogo, usilinganishe hivyo hivyo. Lipunguze lile kubwa kwa hesabu, ujiulize: lingekuwa na viumbe 100 kama lile jingine, ningetarajia kuona aina ngapi? Hesabu yake ilikuwa na kasoro, ikarekebishwa mwaka 1971, lakini wazo limebaki.

Njia ya pili inanivutia zaidi, kwa kuwa inajaribu kusema juu ya wasioonekana kwa kuwatazama walioonekana mara moja. Ilianza na vipepeo. Mwingereza Corbet alikusanya vipepeo huko Malaya, kisha akagundua kwamba katika orodha yake kulikuwa na aina 118 alizozipata mara moja tu, 74 alizozipata mara mbili, 44 mara tatu, na kuendelea. Akamwendea mwanahisabati Ronald Fisher kumuuliza: nikirudi tena Malaya, nitapata aina ngapi mpya? Majibu yao yalichapishwa mwaka 1943.

Fikiri kidogo utaona mantiki yake. Ukihamia mtaa mpya, na kila unayekutana naye njiani ni mtu uliyekwisha kumwona mara tano, basi mtaa umeshaujua. Lakini kama wiki ya tatu bado kila siku unakutana na nyuso ngeni, mtaa huo una watu wengi usiowajua. Wageni wa mara moja ndio wanaokuambia ukubwa wa usichokijua. Mwaka 1984 mtaalamu wa takwimu Anne Chao alitoa kanuni fupi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Chukua idadi ya aina zilizoonekana mara moja, izidishe kwa yenyewe, kisha igawe kwa mara mbili ya zile zilizoonekana mara mbili. Tuseme umepata aina 40, kati yao 12 mara moja na 6 mara mbili. Kumi na mbili mara 12 ni 144. Gawa kwa 12, unapata 12. Kwa hiyo humo mna angalau aina 52. Neno la kushika ni hilo "angalau". Kanuni hii haikupi idadi kamili. Inakupa sakafu, na dari bado hujaiona.

Kwa mwendo wa namna hiyo ndipo watu wa Tara walipofikia makadirio yao: waliendelea kuongeza sampuli mpaka wakaona wageni wanapungua na mstari unaanza kulala.

Sasa twende kusini.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kibiti, ukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 (waliosafiri kabla ya hapo wanakumbuka adha ya kivuko, na masika yalivyokuwa), unafika Nangurukuru, njia panda ya Kilwa. Wageni wengi hushuka hapo waende kuona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Wachache hujua kwamba vilima vya mfinyanzi vilivyo nyuma ya Kilwa Masoko, kuteremka Pande hadi Lindi, vilikuwa chini ya bahari ya kina cha mamia ya mita, na kwamba mfinyanzi huo umejaa makombe ya planktoni waliokufa kati ya miaka milioni 30 na zaidi ya milioni 80 iliyopita.

Wajiolojia walijua tangu zamani. Waingereza Blow na Banner, katika kitabu cha mwaka 1962, walieleza aina mpya za viumbe waitwao foraminifera kutoka sampuli za Lindi. Foraminifera ni kiumbe wa chembe moja anayejijengea nyumba ya chokaa yenye vyumba, ndogo kama punje ya mchanga. Baadaye ukaja mradi wa uchorongaji ulioongozwa na Paul Pearson wa Uingereza, pamoja na Chris Nicholas wa Trinity College, Dublin, na Joyce Singano wa Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kuanzia mwaka 2002 walichoronga shimo baada ya shimo, Kilwa hadi Lindi, wakitoa nguzo ndefu za udongo.

Kwa nini watoke Ulaya kufuata udongo wa Kilwa wakati sakafu ya bahari yote imejaa makombe? Kwa sababu ya jinsi ulivyohifadhi. Katika matope ya kawaida ya bahari kuu, kombe la foraminifera likikaa mamilioni ya miaka huyeyuka kidogo na kuganda upya, likawa jeupe kama sukari. La Kilwa, likiwa limefungwa ndani ya mfinyanzi usiopitisha maji na ambao haukuwahi kuzikwa kina kirefu, linang'aa kama kioo. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walionyesha kwamba makombe yale yaliyoganda upya yalikuwa yamewadanganya wataalamu hata juu ya joto la bahari za tropiki za kale: walidhani ilikuwa baridi kuliko ilivyokuwa.

Na jambo hili linagusa hesabu yetu moja kwa moja. Paul Bown wa London na wenzake walitazama visahani vya chokaa vya mwani katika udongo wa Kilwa, visahani ambavyo vingine havifiki sehemu tatu za elfu moja ya milimita. Wakakuta vile vidogo na vyepesi ambavyo kwingineko havionekani kabisa. Aina nyingine zilikuwa mpya kwa sayansi. Jenasi moja imepewa jina la Kilwalithus, yaani jiwe la Kilwa. Je, bahari ya Kilwa ilikuwa na utajiri kuliko bahari nyingine za wakati ule? Hilo ndilo jibu la haraka. Jibu la busara ni kwamba kwingineko vilikuwapo, lakini viliyeyuka kabla hajatokea wa kuvihesabu. Hapo kanuni ya Chao haikusaidii. Kanuni inamkadiria aliyejificha ndani ya ndoo. Aliyeyeyuka hayumo ndani ya ndoo.

Wengine hupotelea kwenye chekeche. Wataalamu wa foraminifera huosha udongo juu ya chekeche la mikroni 63, na wengine hutazama tu kile kinachobaki kwenye la mikroni 150. Katika udongo wa Pande kuna mdudu aitwaye Pseudohastigerina ambaye wakati fulani ghafla alipungua umbo. Mwenye chekeche pana angeandika kwamba ametoweka duniani. Kumbe amekuwa mdogo tu, na amepita kwenye matundu.

Wakati huo fulani ndio uliowapeleka watafiti kijiji cha Stakishari, Pande, wakachoronga mashimo waliyoyaita namba 11, 12 na 17. Miaka milioni 34 hivi iliyopita dunia iliyokuwa na joto ilipoa, na barafu kubwa ikaanza kujengeka Antaktika. Wanasayansi wa dunia wamekubaliana kuuweka mpaka wa zama hizo mbili pale Massignano, Italia, mahali anapoonekana kwa mara ya mwisho foraminifera aitwaye Hantkenina, mwenye miiba kama nyota. Unaona tatizo? Mpaka wa zama nzima umetundikwa kwenye kuonekana kwa mwisho kwa kiumbe asiyepatikana kwa wingi.

Mwaka 1982 Wamarekani Signor na Lipps walieleza kwamba kiumbe adimu huonekana kutoweka kabla ya siku yake ya kweli, kwa sababu uwezekano wa kumkuta yule wa mwisho kabisa ni mdogo mno. Mzee anayetembelea msikiti wa mbali mara moja kwa mwezi akifariki, watu wa msikiti ule watasema hawajamwona tangu mwezi uliopita; hawatajua alifariki jana. Matokeo yake, aina kumi zilizokufa siku moja zitaonekana katika udongo kama zilikufa moja moja, taratibu. Janga la ghafla litasomeka kama uchakavu wa polepole.

Kwa hiyo pale Stakishari walichukua sampuli kwa kukaribiana sana kuzunguka usawa ule, katika udongo uliohifadhi vizuri, wakawatafuta hasa wale adimu. Walichokuta kilichapishwa mwaka 2008: aina tano za jamaa ya Hantkenina zilitoweka kwa pamoja, katika usawa mmoja. Jamaa nyingine, Turborotalia, ilikuwa imekwisha kutangulia kwa makumi ya maelfu ya miaka. Yaani yalikuwa mapigo zaidi ya moja, na moja lao lilikuwa la ghafla. Kwa sampuli chache zilizoachana mbali, mapigo hayo yangechanganyika yakawa ukungu. Mwaka uliofuata, kemia ya makombe hayo hayo ya Pande ilitumika kupima hewa ya ukaa ya zama hizo, na kuonyesha kwamba ilikuwa imeshuka barafu ya Antaktika ilipokuwa inaanza. Ni kipimo ambacho leo kinatajwa kila panapojadiliwa hewa hiyo inayopanda.

Mtu akisema viumbe vya miaka milioni 34 havimhusu, nitamkumbusha samaki wa Songo Mnara. Silikanti aliaminika kwamba aliisha pamoja na madainosaria, mpaka mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Kwetu hakuna aliyekuwa amemwandika mpaka mwaka 2003, alipovuliwa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Baada ya hapo Tanga wakaanza kumpata mmoja baada ya mwingine kwenye majarife ya maji marefu, hata mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi kwa jina lake. Huyo ni samaki wa kilo nyingi, mrefu kama kijana. Kama yeye alikwepa orodha zetu karne nzima, mnafikiri mdudu asiyeonekana amekwepa mangapi?

Sasa niseme lililonifanya niichukue barua ya Mbagala kwa uzito. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi zaidi imegunduliwa chini ya bahari ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na katika tathmini za baharini planktoni nao huhesabiwa. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi siku mvuvi wa Somanga au Kilwa Kivinje atakapolalamika kwamba dagaa wamepungua. Mwenye mradi atasema bahari ilikuwa hivyo hivyo. Mvuvi atasema la. Wote wawili watafunguliwa karatasi ile ile.

Ikiwa karatasi hiyo imetokana na vituo vichache vya siku mbili wakati wa kusi, haifai kulinganishwa na ya kaskazi. Bahari yetu ina misimu yake. Uchunguzi uliofanywa katika maji ya Dar es Salaam umeonyesha kwamba mwani uitwao Trichodesmium huongezeka sana wakati wa kaskazi. Ukiingia hesabuni hufunika wengine wote, na katika viumbe 300 utakaohesabu, wale adimu watakosa nafasi. Aina zitaonekana zimepungua wakati hakuna aliyekufa. Vivyo hivyo ukibadili tundu la wavu, au kina unachokokota, au hata mtu anayetazama kwenye hadubini.

Siwalaumu wataalamu. Mashua ni ghali, mafuta ni ghali, na mwenye kutambua aina 200 za planktoni kwa jicho si mtu wa kuokota njiani. Ninachodai ni kidogo. Ripoti ikisema kituo fulani kina aina 40, iseme pia walihesabiwa viumbe wangapi, kwa wavu wa tundu gani, mwezi gani, na kila aina ilionekana mara ngapi. Taarifa hizo zinatosha ukurasa nusu, na kwa hizo mtu yeyote atakayekuja baadaye anaweza kulipunguza fungu kubwa au kuikadiria sakafu. Bila hizo, ile 40 haina maana zaidi ya bei iliyotajwa bila kusemwa ni ya kilo au ya gunia.

Na chupa zenyewe zisimwagwe. Nguzo za udongo wa Kilwa zimekuwa na faida kwa sababu zilitunzwa. Watu wamezirudia mara nyingi, kila mmoja na swali lake, kwa vyombo ambavyo wachorongaji wa mwaka 2002 hawakuwa navyo. Chupa ya maji ya bahari ya Kilwa ya leo, iliyotiwa dawa, ikaandikwa tarehe na mahali, ikawekwa kwenye rafu ya Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, itachukua nafasi ndogo kuliko chupa ya soda.